Neno Lililoanguka Kwenye Upinde

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kupinda majina. Mtu anakuja na jina la shule yake, au la parokia, au la shirika alilolianzisha juzi sebuleni kwake, naye anataka lizunguke. Hakuna anayetaka jina linyooke. Hapa Bukavu, jina lililonyooka ni la mtu. Likizunguka, ni la ofisi. Ninyi mnaobaki atelie, karakana yetu ya mihuri na mabango, mmeniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa kabla hamjafika. Nitaandika. Lakini kuna jambo moja mnalolisimulia vibaya, na mnalisimulia vibaya kwa faida yangu, kwa hiyo nalo nitaliweka humu.

Nilianza kwa Muzee Cirhuza, fundi mkuu wa atelie, katika chumba kimoja karibu na soko la Nyawera. Siku ya kwanza alinipa bikari, kipimapembe na karatasi, akaniambia niandike jina la shule ya uongo kuzunguka duara. Nilianza kushoto, kama mtu yeyote anayeandika. Nilipofika kulia herufi tatu zilikuwa zimebaki bila mahali pa kukaa. Muzee hakunikaripia. Alisema tu, "Hesabu kwanza. Herufi ya katikati inasimama juu, sawa vile padri altareni. Zingine zinagawana pande mbili."

Hilo ndilo somo la kwanza, na hata leo kompyuta haijalifuta. La pili ni kwamba herufi hazina upana mmoja. M inakula nafasi ya watu wawili, I inakaa pembeni kama mgeni asiyealikwa. Ukigawa duara sawasawa kwa idadi ya herufi, jina litakuwa na mapengo kama meno ya mzee. La tatu linahusu maandishi ya upande wa chini. Pale lazima herufi uzigeuze, vichwa vielekee katikati ya duara, la sivyo msomaji ndiye atakayegeuza shingo. Na vichwa vikielekea ndani vinasongamana, wakati juu vinaachana. Kwa hiyo juu unabana, chini unaachia.

Wakati huo mihuri, yaani kashe, tuliichonga kwa wembe kwenye mpira, na herufi zote kinyume. Niliwahi kuchongea kituo kimoja cha afya kashe yenye S mbili nilizosahau kuzichonga kinyume, kwa hiyo zikatoka kwenye karatasi zimegeuka. Mganga wake aliitumia miezi miwili kabla ya mtu kuona. Nilijifunza pale kwamba watu hawasomi kashe. Wanaangalia tu kama ni ya duara.

Nilikuja kuwa mzuri. Muzee Cirhuza hakuwahi kuniambia hivyo. Alichukua kazi yangu, akaiinua dirishani, akaiweka kwenye meza ya wateja bila neno. Kimya kile ndicho kilikuwa sifa yake, nami nilikihesabu kama wengine wanavyohesabu mifugo.

Kisha kompyuta ikaja. Patron, mwenye atelie, aliinunua na kuiweka kwenye kona yangu, akisema nitaizoea. Niliogopa. Kila mchana wakati wa kula, mimi nilikwenda nyuma kula ugali na sombe, majani ya muhogo, na Nabintu alibaki. Nabintu alikuwa mwanamke wa mapokezi, mdogo kwangu kwa miaka sita au saba, mzaliwa wa kijiji cha Miti, mtu wa maneno machache. Kazi yake ilikuwa kupokea wateja na kuandika majina ya vitu walivyoagiza. Lakini mchana alikaa mbele ya ile mashine na kusoma kurasa za maelezo ya programu ya kuchora. Zilikuwa za Kiingereza, lugha ambayo hakuijua. Alikuwa na kamusi mapajani.

Siku moja aliniita nione. Aliandika jina la chama cha wakulima kwa mstari ulionyooka, akachora duara, akaliambia jina lifuate duara. Jina likapinda. Kazi ambayo mimi ningeianza asubuhi na kuimaliza baada ya chakula, yeye aliifanya kabla chai yangu haijapoa. Alikamata kialama kidogo kwenye mstari, akakivuta, na jina lote likatembea kuzunguka duara kama watu wa maandamano. Akalisogeza mbali na mstari, akalirudisha. Akaligeuza likaingia ndani. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na kikombe mkononi, nikaanza kutafuta kosa.

Nilimwambia A na V zimeachana sana. Ilikuwa kweli, programu haina macho. Akanishukuru, akaniuliza ningezisogeza karibu kwa kiasi gani. Nikamjibu kwamba hiyo ni kazi ya jicho, haifundishwi. Ningeweza kumfundisha kwa robo saa. Kesho yake alikuwa amegundua mwenyewe namna ya kusogeza herufi moja moja, na A na V zilikaa kama mtu na mke wake. Baada ya wiki mbili patron alimtoa mapokezi, akampa ile kona. Mimi nilibaki na mpira na wembe, na kukagua.

Kukagua nilikukubali kwa moyo wote. Nilikagua kazi za Nabintu kama afisa wa forodha anayejua kuna kitu kimefichwa. Mtu akitaka kujua wivu wa kazini ulivyo, ni huo. Hautaki mwenzako aharibu kazi. Unataka aiharibu kidogo, mahali ambapo wewe peke yako utaona. Nikipata kosa asubuhi, siku yangu ilinyooka. Nisipopata, nilirudi nyumbani Kadutu nimenuna.

Nyumbani nilimsema Nabintu kila jioni. Nabintu amefanya hivi, Nabintu amejipa hiki, Nabintu anadhani upinde ni kuvuta tu. Jioni moja mke wangu Immaculée aliweka kijiko chini, akaniuliza taratibu, "Ule mwanamuke, unamupenda?" Nikamwambia hapana, ni habari ya herufi. Nilijaribu kumweleza habari ya herufi O, kwamba kwenye upinde O ya Nabintu ilikaa vizuri kuliko yangu, na kwamba jambo hilo lilikuwa linaninyima usingizi. Nadhani angenielewa haraka zaidi kama ningekuwa na mapenzi.

Muzee Cirhuza aliacha kazi miguu ilipomchoka. Mwaka mmoja baadaye mke wake alifariki. Alikuja atelie na fimbo yake kuomba tumtengenezee bamba la kaburi, jina la marehemu kwa upinde juu, na maneno machache chini yake. Nilisimama, nikafuta mikono, nikavuta kiti. Alipita mbele yangu, akakaa karibu na Nabintu. Akamweleza jina, na jinsi alivyotaka herufi zikae, kwa sauti ya chini, na yeye akaandika. Alipomaliza kuchora, muzee aliinama kwenye kioo cha mashine. Akasema, "Ni muzuri. Ni muzuri sana, mwanangu."

Nilikuwa nimemngoja aseme neno lile miaka yote niliyofanya kazi naye. Sikujua kwamba mdomo wake ulikuwa nalo.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa yamefika wakati wamama wa parokia moja ya upande wa Mumosho walipoleta kazi ya jubile yao. Walitaka kitenge cha sherehe, na katikati ya kila ua kuwe na duara lenye mchoro wa kanisa lao. Juu ya kanisa, kwa upinde, maneno waliyoyachagua wenyewe baada ya mikutano mingi: BWANA ALITUACHIA AMANI. Mwenyekiti wao, Maman Georgette, mwalimu aliyestaafu, alitusomea maneno hayo mara mbili ili tusikosee.

Nabintu alichora. Ilikuwa kazi safi, na niliikagua siku tatu bila kupata kitu. Kiwanda cha kuchapa vitambaa kilikuwa ng'ambo ya mpaka, na sisi tulipaswa kutuma mchoro kwa kompyuta. Sasa ninyi mnajua sheria, lakini niiandike kwa asiyejua. Maandishi kwenye programu ni kitu kilicho hai. Yanategemea aina ya herufi iliyomo ndani ya mashine yako. Ukiyapeleka kwenye mashine isiyo na herufi hizo, itaweka zake bila kukuuliza, na kama zake ni nene, maneno yanarefuka. Kwenye mstari ulionyooka yatapita mpaka kidogo. Lakini upinde una mwisho, na neno lisilopata nafasi haliandikwi. Linatoweka tu. Kwa hiyo kabla ya kutuma unayageuza maandishi kuwa mchoro. Unayaua, kama tulivyozoea kusema, ili asiwepo wa kuyabadilisha.

Siku ya kutuma, mchana, Nabintu alipigiwa simu kwamba mtoto wake ameanguka shuleni. Alishika mkoba wake, akaja kwenye meza yangu. "Papa Bisimwa, unisaidie. Angalia ile kazi mbele ya kuituma. Niko nakimbia."

Nilikaa kwenye kiti chake. Nilifungua mchoro, nikagusa maandishi ya upinde, na kile kialama kidogo cha kuvutia kikatokea kwenye mstari. Maana yake, maandishi yalikuwa bado hai. Alikuwa amesahau. Kurekebisha ni kubonyeza mara mbili.

Nataka niseme vizuri nilichofikiri, kwa sababu ndicho kiini cha habari hii. Sikuwafikiria wamama wa Mumosho. Sikukifikiria kiwanda. Nilifikiri, hatimaye amekosea. Kisha nikajiambia kwamba pengine kiwanda kina herufi zile zile, kwamba kazi si yangu, kwamba nimeombwa kutuma, na kwamba mtu akisifiwa na Muzee Cirhuza anapaswa kujua kumaliza kazi yake. Umeme ulikuwa umetulia siku ile, hata kisingizio hicho sikupewa. Nikatuma.

Marobota yalifika baada ya wiki tano. Wamama walikuja wenyewe kuyafungua, sita au saba, wamevaa vizuri. Kitambaa kilikuwa cha kupendeza, bluu na njano. Maman Georgette alikikunjua, akavaa miwani, akasoma. Akasoma duara jingine. Akafunua robota la pili. Sisi sote tulikuwa tumeona tayari. Herufi zilikuwa nene, ngeni, zimejaza upinde kutoka mwanzo hadi mwisho, na zilisema BWANA ALITUACHIA. Basi. Na kwa Kiswahili chetu cha hapa, ukiishia pale, unasema Bwana alitulegezea mkono tukaanguka.

Hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Papa, amani imeenda wapi?"

Wamama wengine walikuwa wamekaa juu ya marobota. Mmoja alianza kulia, si kwa kelele, anajifuta kwa ncha ya kile kile kitenge. Miaka ile ya vita, na hata hii, si maneno ambayo mtu wa huku anaweza kuyavaa mwilini.

Patron alituita ofisini, Nabintu na mimi. Nabintu aliangalia mchoro, akaelewa mara moja. Alisema kosa ni lake, alisahau kugeuza maandishi. Patron akauliza nani alituma. Nikasema mimi. Akaniuliza kama sikuona kitu. Nikasema sikuona. Ulikuwa uongo wa neno moja, na ulitoka kirahisi kabisa. Siku ile ile Nabintu alirudishwa mapokezi, na mimi nikapewa kona na mashine.

Nilikuwa nimeshinda. Nilikaa kwenye kiti chake, na kiti kilikuwa kimeinuliwa kwa urefu wake, na sikujua kinashushwaje. Nilifanya kazi siku mbili miguu ikining'inia badala ya kwenda kumuuliza.

Ila vitambaa vilikuwa pale, na jubile ilikuwa inakaribia, na kuchapa upya hakukuwezekana. Nabintu ndiye aliyeleta wazo, kutoka kwenye meza ya mapokezi. Chini ya mchoro wa kanisa, ndani ya duara, kulikuwa na nafasi tupu. Tungeweza kuandika AMANI pale, kwa upinde wa chini, unaofanana na bakuli, halafu kulipiga kwa rangi na kiolezo, duara kwa duara. Yeye angepima upinde kwenye mashine, mimi ningekata kiolezo kwa wembe. Patron akakubali kwa sababu hakuwa na wazo jingine.

Tulitandika vitambaa kwenye meza ndefu na kufanya kazi siku tisa, wamama wa Mumosho wakija kwa zamu kutusaidia kukausha. Yeye alishika kiolezo, mimi nilipiga rangi. Vichwa ndani, vichwa ndani, herufi tano, A katikati. Siku ya nne, wamama walipotoka kwenda kununua maji, nilisema bila kuinua macho, "Niliona."

"Najua," alisema.

Nikamuuliza alijuaje. Akasogeza kiolezo kwenye duara lingine, akakinyoosha. "Wewe unatafutaka makosa yangu kila siku. Ndiyo maana nilikuachia wewe. Nilisema, kama iko kosa, macho ya Papa Bisimwa haiwezi kulikosa."

Nikamuuliza kwa nini hakusema mbele ya patron.

"Ningesema nini? Mutu aliona akanyamaza. Ile haiachake alama." Kisha akaniambia nipige rangi, inaanza kukauka kwenye sifongo.

Kesho yake nilikwenda kwa patron nikamwambia ukweli wote, nilivyoona, nilivyonyamaza, na kwamba nilimdanganya. Na hapa ndipo penye habari mnayoisimulia. Patron alinisikiliza, akasimama, akanishika bega. Aliamini kwamba nimejitwika kosa la mwenzangu ili arudishiwe kazi. Nilikataa. Kadiri nilivyokataa ndivyo macho yake yalivyozidi kulainika. Akamrudisha Nabintu kwenye mashine siku ile, akatangaza mbele ya wafanyakazi wote kwamba atelie ina bahati kuwa na mtu wa moyo kama wangu. Ndivyo ilivyoingia kwenye masikio yenu. Kila aliyeajiriwa baada ya hapo ameambiwa habari ya Papa Bisimwa aliyebeba kosa la mwingine. Sasa mmeisoma ilivyokuwa. Nabintu alikuwepo siku ya tangazo lile, na alipiga makofi pamoja na wengine, bila kucheka.

Tulialikwa kwenye jubile. Baada ya misa wamama walicheza mistari mirefu uwanjani, na maduara yetu yalicheza mgongoni na tumboni mwao. AMANI ilipigwa rangi kwa mkono, kwa hiyo hakuna maduara mawili yaliyofanana. Huku imeegemea, kule rangi imezidi. Mama mmoja mgeni alimwambia Maman Georgette kwamba neno lile la chini ndilo zuri kuliko yote, linaonekana mtu alilifikiria. Akataka kujua ni kazi ya nani. Nabintu alikuwa karibu, na sahani ya wali mkononi. Alininyooshea kidole. "Ni yeye, Papa Bisimwa. Mukono wake."

Wazo lilikuwa lake na upinde ulikuwa wake. Mimi nilishukuru, nikala. Na niwaambie ukweli, hata ule wema wake niliuonea wivu. Nilijiuliza mtu anaupata wapi, na kwa nini mimi sikupewa, na nikachukia kwamba hata pale amenitangulia.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingi baada ya hapo. Nilimfundisha habari ya juu kubana na chini kuachia, robo saa ile niliyomnyima mwanzoni. Alinifundisha kompyuta. Sikuwahi kuipenda, lakini nilifika mahali pa kupinda jina bila kumwita mtu. Kabla ya kutuma kazi, kila mmoja alikagua ya mwenzake, na tulikuwa tunagusa maandishi kwanza. Nabintu kisha akafungua atelie yake mwenyewe huku huku Bukavu, upande wa Ibanda, na wateja wazuri wakamfuata. Ninapopita barabarani natambua mabango yake kutoka mbali. Nasimama, nainamisha kichwa, naanza na herufi ya katikati, nakwenda pande zote mbili. Siku hizi sipati kitu.

Siku yangu ya mwisho kazini alikuja kuniaga. Ninyi mlikuwa mnapanga viti na soda, kwa hiyo hamkusikia. Nilikuwa nimeandaa neno hilo kwa muda mrefu kuliko hotuba niliyowasomea. Nilimwambia, "Maman Nabintu, ulinipita. Tangu siku ile ya kwanza na kikombe changu cha chai, ulinipita."

Alikuwa ameanza kuvaa miwani, na aliivua akaifuta. "Kwa kupinda, ndiyo," alisema. "Kwa mustari wa kunyooka, hapana. Sijaona mutu anaandika mustari wa kunyooka kama wewe."

Nilirudi Kadutu na maneno hayo, nikamsimulia Immaculée. Nilikuwa na furaha siku mbili nzima. Siku ya tatu nikaanza kujiuliza kama aliyasema kwa sababu ni kweli, au kwa sababu ni mwema. Sijamuuliza. Nikimuuliza atanijibu kwa wema ule ule.